Ajira Moja kwa Meli Zilizobaki

"Kati yenu watatu, nani hasa amezibakisha meli kwetu?"

Bwana Hafidhi, meneja wa bandari ya Shungi, aliuliza hivyo jioni. Mwanakombo alikuwa ameegemea ukuta akijaribu kukunjua vidole. Kazungu alikuwa chini sakafuni. Mbodze alikuwa amefumba macho.

Wote walikuwa vibarua, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Mbodze alikumbuka kila kontena uwanjani limelala juu ya lipi. Kazungu alifungua komeo za makontena zilizowashinda wengine. Mwanakombo, mwendesha kreni, alikuwa na mkono usiotikisika.

Kampuni ya meli ilikuwa imeilinganisha Shungi na bandari ya jirani miezi mingi, ikachoka na ucheleweshaji wao. Ikatoa neno la mwisho: meli moja, muda wa saa kumi na mbili tu, kupakua na kupakia. Wakipitisha hata dakika moja, meli zote zinahamia kwa jirani.

Siku moja kabla, Mbodze aligundua kuwa makontena ya kupakiwa kwanza yamelaliwa na mengine. Akashinda juani akisimamia yapangwe upya. Hapo zikaokoka saa mbili.

Meli ilipofika, komeo za safu nzima zilikuwa zimeganda kwa kutu. Kazungu akapanda na chuma chake, akazigonga moja moja hadi viganja vikachubuka. Hapo nako, saa mbili.

Adhuhuri upepo ukachafuka, waendeshaji wengine wa kreni wakashuka. Mwanakombo akabaki juu peke yake, bila chakula, akishusha na kupandisha. Saa mbili nyingine.

Meli ikaondoka gatini zimebaki dakika kumi muda uishe.

"Makao makuu wametoa ajira moja ya kudumu," alisema meneja. "Wawili watakaoikosa, kibarua chao kinaisha Ijumaa."

"Moja?" Mwanakombo alishtuka. "Meli zimebaki zote, ajira moja?"

"Mimi nimetumwa tu, mama. Semeni jina niandike kwenye fomu."

Kazungu akacheka bila nguvu. "Dada Mwanakombo alikuwa amekaa kitini. Sisi tulisimama."

"Kesho njoo ukikalie hicho kiti, uone kama ni sofa."

"Na mimi mtasema nilikuwa kwenye feni," Mbodze alinong'ona. "Sema wewe, dada. Ukisema nitakubali."

"Hata mimi," alisema Kazungu.

Miaka sita Mwanakombo alikuwa akiajiriwa mwezi kwa mwezi. Alitaka kutaja jina lake, akaona viganja vya Kazungu. Alitaka kumtaja Kazungu, akaona midomo ya Mbodze iliyopasuka kwa jua. Akachoka zaidi ya alivyochoka kwenye kreni. Bwana Hafidhi alikuwa ameshafungua kalamu.

Wewe uliyesikiliza, ungekuwa Mwanakombo, ungesemaje? Usiseme wagawane, fomu ina mstari mmoja. Tafadhali, taja jina moja, kisha uwaeleze wale wawili kwa nini si wao.