Mikate ya Julai

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na chuo kikuu katika mji mmoja wa baridi, Nyanda za Juu. Na katika chuo hicho palikuwa na mwanamke aitwaye Skolastika, mwenye miaka arobaini na mitatu, akisoma na watoto wa miaka ishirini na mmoja.

Alitoka Kasulu. Huko yeye na mumewe walikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Mume ndiye aliyejua msimu gani wanunue magunia mangapi. Hakuandika popote, alijua tu. Alipokufa aliondoka na kichwa chake. Skolastika akanunua kwa kubahatisha, mpunga ukamwozea ghalani, akafunga mashine. Baadaye akasikia kwamba kuna chuo wanafundisha jambo hilohilo, kutazama mauzo ya miaka iliyopita na kukadiria ya mwaka ujao. Somo linaitwa Maoteo ya Biashara. Akasema, basi nitalisoma, hata nikiwa bibi darasani.

Darasani walimheshimu, na hapo ndipo palipouma. Asubuhi "Shikamoo mama", mchana "Shikamoo mama", jioni "Shikamoo mama". Shikamoo arobaini kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyevuta kiti akaketi naye. Alikula peke yake. Alisoma peke yake. Jumapili binti yake aliyeolewa Tunduru alimpigia simu, wakasalimiana, mjukuu akalia kule, simu ikakatwa.

Siku moja mwalimu wao, Dakta Mwaisumo, aliingia darasani na mgeni. Mgeni huyo alikuwa Bi. Hosiana, meneja wa kiwanda cha mikate pale mjini.

"Tunaoka mikate elfu nne kwa siku," Bi. Hosiana akasema. "Julai shule zikifunguliwa sijui nioke mingapi. Nikizidisha inaota ukungu, nikipunguza nakosa wateja. Vitabu vya mauzo ya miaka sita hivi hapa. Nipeni namba."

"Undeni vikundi vya watu watatu," Dakta akasema.

Watu wakakimbiliana. Vumbi lilipotulia walibaki watatu. Alibaki Skolastika, maana nani atamtuma mama yake? Alibaki Masunga, kijana wa Maswa aliyekuwa na akili ya hesabu kuliko wote na ulimi mkali kuliko wote. Na alibaki Mwanaidi, binti wa Tanga, ambaye muhula mzima alikuwa bwenini akisuka watu nywele, na kila kikundi kilichomchukua kilijuta.

"Sisi ni makapi," Mwanaidi akasema, akacheka. Jina likakaa. Kikundi cha Makapi.

Masunga akachukua vitabu vyote. "Mama, wewe pumzika," akasema. "Hii nitaimaliza mwenyewe." Akakaa wiki saba akikokotoa mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, likizo na sikukuu, mpaka akatengeneza kanuni ambayo ukiiuliza mauzo ya Julai iliyopita inakujibu bila kukosea.

Skolastika hakupumzika. Apumzike na nani? Kila Jumamosi alitoka kwa miguu akazunguka maduka yaliyo karibu na shule, maana mwenye duka hamfukuzi mteja anayetaka kuongea. Akanunua kiberiti hapa, sabuni pale, akakaa kwenye kreti la soda akasikiliza. Katika duka moja mwenyewe akamwambia:

"Mimi mkate sitauchukua tena kwa wingi, dada. Wanaonunua ni watoto wakati wa mapumziko, na wazazi wamekubaliana kupika uji shuleni kuanzia Julai. Masufuria yameshanunuliwa."

Skolastika akaenda shule hiyo, akayaona masufuria. Akaenda ya pili, akayaona. Akaenda ya tatu, hakuna. Alizunguka shule kumi na nne. Tisa zilikuwa na masufuria na mahindi stoo. Akaandika yote katika daftari.

Alipompelekea Masunga, kijana akatikisa kichwa. "Mama, kanuni haijui sufuria. Miaka sita Julai inapanda. Itapanda mpaka elfu nne na mia saba."

"Lakini watoto wa shule tisa wasiponunua, mwanangu, itabaki mingapi?"

Masunga akakokotoa ili aachwe. "Elfu tatu. Ila hayo si maoteo, mama. Huo ni umbea uliopigiwa hesabu."

Neno hilo lilimchoma, lakini akalifunga tu daftari lake. Kwa sababu katika wiki hizo lilikuwa limetokea jambo ambalo hakulitarajia. Kila Alhamisi, baada ya kipindi, Makapi walikula pamoja kantini. Mwanaidi alileta achari ya mbilimbi kutoka kwao, Masunga akalalamika kwamba ni kali, akaimaliza. Watu wawili walimvutia kiti. Skolastika alihesabu siku, Jumatatu, Jumanne, mpaka Alhamisi ikafika.

Siku ya kuwasilisha, Bi. Hosiana akiwa ameketi ukumbini, vikundi kumi na moja vilisimama kimoja baada ya kingine, na vyote vikasema mauzo yatapanda. Makapi walikuwa mlangoni, wanasubiri, wanabishana. Kikundi kitaje namba moja tu. Ipi?

"Elfu nne na mia saba," Masunga akasema. "Mkitaja nyingine, msiniite tena."

"Mama, wewe unasemaje?" Mwanaidi akauliza. Yeye ndiye aliyepewa kusoma, maana hakuwa amefanya kazi nyingine.

Skolastika akautazama uso wa Masunga. Akaiona akilini meza ya kantini ikiwa na kiti kimoja. "Mwenye hesabu ndiye anayejua," akasema.

Wakaingia. Mwanaidi akasimama mbele, karatasi ya Masunga mkono huu, daftari la Skolastika mkono huu. Akavitazama vyote viwili. Akaiweka karatasi chini.

"Mikate elfu tatu," akasema, na akasoma shule tisa, moja moja, kwa majina.

Ukumbi ukacheka. Masunga akasimama. "Dakta, naomba jina langu liondolewe kwenye kazi hii. Siamini namba hiyo."

Dakta akamgeukia Skolastika. "Mama, hizi habari za uji ni zako? Una hakika nazo?"

Skolastika akainuka. Watu wote walikuwa wanamtazama, na Masunga hakuwa anamtazama. "Sijui, Dakta," akasema, akakaa.

"Langu libaki," Mwanaidi akasema, akiwa peke yake pale mbele. Akapewa alama za mwisho darasani.

Alhamisi iliyofuata Skolastika alifika kantini mapema, akaagiza wali maharage, akangoja. Masunga aliingia, akaketi upande wa dirishani. Mwanaidi hakuja kabisa. Wali ukapoa.

Shule zikafunguliwa, uji ukapikwa. Wiki ya tatu ya Julai kiwanda kilikuwa kinauza mikate elfu tatu na themanini kwa siku. Na haukuoza hata mmoja, maana Bi. Hosiana siku ile hakuwa amecheka. Alikuwa ameandika majina ya shule, akatuma mtu akahakikishe, akapunguza unga mapema. Sasa akawaita Makapi wote watatu kiwandani.

"Nina kazi moja ya kukadiria mauzo," akawaambia. "Mshahara mmoja, meza moja. Mimi sijui nani alifanya nini, mnajua wenyewe. Chukueni karatasi hii na kalamu, kaeni hapo nje, mniandikie jina moja. Mkishindwa, nitatangaza gazetini."

Wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Harufu ya mkate ilikuwa nzito.

"Elfu tatu niliitoa mimi," Masunga akaanza. "Mama alikuja na masufuria. Sufuria si namba. Angesema mauzo yatapungua, angeulizwa kwa kiasi gani, angekwama. Bila kanuni yangu pasingekuwa na cha kusoma. Na kuondoa jina hakukuwa kosa. Nilisema nilichoamini, mbele za watu. Wangapi walifanya hivyo?"

"Mimi sikutembea wala sikukokotoa," Mwanaidi akasema. "Nilikuwa nasuka nywele, ni kweli. Lakini jibu mlikuwa nalo nyinyi wawili, mkaliacha mlangoni. Aliyechekwa ni mimi."

"Ulibahatisha tu."

"Sikubahatisha. Nilimtazama mama nikaona anajua."

Skolastika akainamisha kichwa. Miaka mitatu chuoni, na kumbe mtu alikuwa amemtazama.

"Miguu ilikuwa yangu," akasema polepole. "Shule kumi na nne, Jumamosi baada ya Jumamosi, hakuna aliyenituma. Kanuni yako ilikuwa inakwenda mia saba juu, Masunga. Na wewe Mwanaidi ungesoma nini? Lakini niliulizwa mbele za watu nikasema sijui. Nilijua. Niliogopa kubaki peke yangu, na nikabaki."

Masunga akaisukuma karatasi mbele ya Skolastika. "Andika wewe, mama. Wewe ndiye mkubwa wetu."

"Andika, mama," Mwanaidi akasema.

Wakasimama wote wawili, kwa heshima, wakaenda kungoja uani, wakamwachia benchi, karatasi na kalamu. Mlango wa ofisi ukafunguka, Bi. Hosiana akanyoosha mkono.

Karatasi ile ina nafasi ya jina moja, enyi mnaonisikiliza, na mimi aliyenisimulia hakuniambia liliandikwa lipi. Aliyetembea akakana, aliyekokotoa akajitoa, au asiyefanya kazi akathubutu. Semeni nyinyi: kati ya hao watatu, nani alistahili?