Michango ya Kukilisha Kichwa

Mwaka huo mbingu ziligoma kabisa. Mto uligeuka njia ya vumbi, na wanyama walikonda mpaka Simba, mfalme wao, akaona aibu kuwala. Basi wakakubaliana: hakuna kulana mpaka maji yapatikane, na kila mmoja ashuke mtoni kuchimba kisima.

Wa kwanza kuchoka alikuwa Sungura. Alikwangua mchanga kidogo, akajipangusa mikono, akasema, "Jamani, hii kazi ya kizamani. Maji yapo, ila hatujui yalipo. Tujenge Kichwa chenye akili sawa na ya binadamu. Tutakiuliza, nacho kitatuambia."

"Binadamu yupi?" akauliza Kanga. "Huyu anayejenga bondeni halafu mafuriko yakija analia?"

Wanyama wakacheka. Sungura hakucheka. Alimsogelea Simba, akainama mpaka masikio yakagusa chini. "Mtukufu, sikutaka kusema mbele ya watu, lakini Simba wa ng'ambo ya kilima ameshaanza kujenga chake."

Ilitosha. Manyoya ya shingo yakamsimama Simba. "Yule? Anayenguruma kama ana mafua? Acheni kuchimba! Tunajenga Kichwa, na kiwe kikubwa kuliko chake!"

Pale ukingoni palikuwa na kichuguu chenye uwazi ndani. Sungura alikisiriba udongo, akakitengenezea macho, masikio, pua na mdomo wazi. Sura yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa ya mtu anayeumwa jino. Kabla hajaziba nyuma, alimpenyeza rafiki yake Fisi. "Kaa humo. Ukiulizwa kitu, guna tu. Nyama yote ya mchango ni yako." Fisi aliposikia nyama hakuuliza la pili.

Ikaundwa kamati, maana siku hizi huwezi hata kufiwa bila kamati. Mwenyekiti akawa Sungura, mweka hazina akawa Sungura huyohuyo. Ikaletwa njugu, ukaletwa mtama, vikaletwa viazi na asali. Kila asubuhi Sungura alikitumbukizia Kichwa viazi viwili vitatu mbele ya watu. Vingine vyote alivipeleka shimoni kwake, eti akiba ya utafiti.

Jioni alitoa taarifa. "Wananchi, leo kimefika akili ya konokono. Ongezeni!" Wakaongeza. "Leo kimefika akili ya nyumbu!"

"Kwani akili ya nyumbu ina nini?" Nyumbu akafoka.

"Ndiyo hiyo unayoulizia."

Nyumbu akafikiri sana, kisha akaleta viazi vingine.

Kanga hakuwa na cha kucheka tena. Vifaranga wake walisinzia mchana kutwa kwa kiu, na chakula kilichobaki kilikuwa kibuyu kimoja cha mtama. Sungura akamtokea na kapu mkononi.

"Mama Kanga, kimebaki kidogo mno. Hicho kibuyu chako tu, na kesho Kichwa kinakuwa mtu mzima."

"Hiki ni cha wanangu. Nikikitoa watakula nini?"

"Wanao wanakufa kwa kiu, mama, si kwa njaa. Ukikinyima Kichwa, basi ni wewe unayewaua."

Maneno hayo yalimchoma. Alimtazama kifaranga wake mdogo, aliyelala mdomo wazi, akalia palepale bila kujificha. Akatoa kibuyu.

Kesho yake Sungura akapiga vigelegele. "Kimefika! Akili sawasawa na ya binadamu!"

"Basi kiulizwe maji yako wapi," akasema Simba, kifua mbele.

Kikaulizwa. Kichwa kikaguna.

"Kinasema kinaendelea kutafakari," Sungura akafasiri. "Kiongezewe chakula."

Hapo Kanga akachemka. "Wee! Kama kina akili ya mtu mzima, na kihesabiwe kama mtu mzima! Mimi narudi kuchimba, nacho kishiriki msaragambo kama sisi!"

Katika nchi ile msaragambo, yaani kazi ya pamoja, haukuwa na msamaha. Mwenye nguvu alichimba. Asiyeweza kuchimba alikaa ukingoni akawaimbia wenzake. Ambaye hakuchimba wala kuimba, chungu kilipoepuliwa hakuonja kitu.

"Hakina mikono, Mtukufu," Sungura akajitetea.

"Kina mdomo," akasema Simba. "Kichwa changu hakiwezi kushindwa jambo analoliweza chura. Kiimbe!"

Wakashuka kuchimba. Kichwa kikanyamaza. "Kinaimba kimoyomoyo," Sungura akasema, jasho likimtiririka. Adhuhuri vikaepuliwa vyungu viwili: uji wa walao majani, na supu ya mifupa ya nyati aliyekufa kwa kiu, vyote vimepikwa kwa umande uliokingwa alfajiri. Kanga akashika upawa.

"Kichwa hakijaimba," akatangaza. "Hakipati mfupa hata mmoja."

"Mfupa?" ikasikika sauti kutoka kichuguuni. "Mfupa! Nimeimba! Nimeimba tangu asubuhi! Niwekeeni wenye uboho!"

Uso wa udongo ukapasuka puani. Akachomoza Fisi, mate yakimdondoka, kipande cha sikio la Kichwa kikining'inia shingoni.

Simba alimtazama mpaka akasahau kunguruma. "Huyu ndiye binadamu wangu?"

"Mtukufu, mimi niliahidiwa nyama!" Fisi akalia. "Nimelishwa viazi mpaka ndoto zangu ni za viazi! Mtama na njugu anavyo Sungura, viko shimoni kwake!"

Sungura akatimua mbio. Lakini Nyumbu, ambaye hakuelewa mengi ila neno njugu alilielewa vizuri, alikuwa ameshakaa juu ya mlango wa shimo. Akiba ikafukuliwa yote, na Kanga akarudishiwa kibuyu chake, hakijaguswa. Simba, kwa aibu, hakutazamana na mtu. Aliamuru tu kwamba Sungura na Fisi wachimbe, na atakayepumzika ataliwa, mapatano yawepo yasiwepo.

Wakachimba. Mchanga ukalowa, kisha maji yakachomoza, machafu, ya baridi. Kanga akamsogeza kifaranga wake mdogo. Akanywa, akapiga chafya, akanywa tena, na mama yake akalia kwa furaha.

Sungura akainua kichwa kutoka shimoni. "Mtukufu, nimepata wazo. Kuna chombo kinachojichimbia chenyewe. Mchango wake ni mdogo tu..."

"Chimba!" wakajibu wote kwa pamoja, na safari hii hata Nyumbu hakusubiri kufikiri.