Kikoleo Kwenye Ukuta Mwembamba

Ndugu zangu, kulikuwa na daktari mmoja wa moyo, bingwa hasa, na mwenyewe alijijua kuwa bingwa. Siku moja mezani pake alilala mama mmoja wa makamo, fundi cherehani. Moyo wake ulikuwa unachoka na hakuna aliyejua sababu, kwa hiyo ilibidi zichukuliwe chembe za nyama ya moyo wenyewe zikapimwe. Ndiyo, nyama ya moyo! Msinikodolee macho, siku hizi inawezekana. Waya mrefu unaingizwa kwenye mshipa wa shingoni, unashuka hadi moyoni, na kwenye ncha yake kuna kikoleo chenye mdomo kama punje ya ulezi. Kinang'ata kidogo, kinatoka.

Sasa, moyo una ukuta wa kati, mnene, na hapo ndipo pa kung'ata. Una pia ukuta wa nje, na upande waya unakoingia ni mwembamba. Ukiutoboa huo, damu inajaa kuuzunguka moyo, na mgonjwa anaweza kukufia mezani.

Daktari wetu alizoea kuongozwa na eksirei peke yake. Ultrasaundi aliiita mwishoni tu, kuangalia kama kuna damu iliyovuja. Lakini hospitali ilikuwa imeweka utaratibu mpya: vioo vyote viwili, cha eksirei na cha ultrasaundi, viwake tangu mwanzo. Akakubali shingo upande. Dada wa ultrasaundi akasimama ubavuni, kipimo chake kifuani pa mgonjwa.

Kikoleo kikafika. Daktari akajiandaa kung'ata.

"Samahani, daktari," dada akasema. "Hapo sipo. Ukuta wake hapo ni mwembamba."

Daktari akakereka. Miaka kumi na tisa kazini, leo anafundishwa!

"Dada, kikoleo changu nakiona. Kiko palepale ninapokiweka siku zote."

"Kikoleo sawa, daktari. Mimi naangalia moyo wake."

Na hakuna aliyedanganya hapo. Eksirei inaonyesha chuma vizuri sana, ila nyama ya moyo haiionyeshi. Mngekuwa nyinyi mngemsikiliza nani, bingwa au dada?

Mara sauti ikatoka chini ya shuka. Kumbe mgonjwa hakulazwa usingizi, alichomwa ganzi ya shingo tu, na kila neno alilisikia.

"Baba, nakuomba, msikilize huyo dada."

Daktari alitaka kumwambia atulie, lakini mkono ukasita. Akageukia kioo cha pili, akaona: kikoleo kilikuwa kimeegemea ukuta wa nje. Akakirudisha nyuma, akakizungusha taratibu huku dada akimwelekeza, akang'ata kwenye ukuta wa kati. Chembe tano, salama salimini.

Jioni akapita wodini. Kuna jambo lilikuwa linamkera.

"Mama, ulijuaje kwamba dada ndiye yuko sahihi?"

"Sikujua, baba. Mambo ya vioo mimi nayajulia wapi? Nilisikia tu kwamba wewe unaangalia kifaa chako, na yeye anaangalia moyo wangu."

Sisi je, wapendwa? Mwezi uliopita tulimsimamisha ndugu yetu mmoja hapa mbele, tukamwonya. Maneno yetu yalikuwa sahihi, sivyo? Tuliyaona wazi, moja moja, mpaka wengine mkaniambia mlangoni, "Mchungaji, leo umenyoosha." Na mimi nikafurahi, sifichi. Tangu siku ile ndugu yule hajakanyaga hapa. Nani kati yetu alimuuliza kwanza anaishije, ana nini nyumbani? Mzee wa kanisa mmoja alinivuta pembeni siku ile kabla ya ibada, akaniambia, "Mchungaji, ngoja kidogo, huyu kafiwa juzi." Nikamjibu kwamba kazi yangu naijua.

Ibada ikiisha nakwenda kwake kumwomba msamaha. Tuliosema "amina" siku ile, twendeni wote.