Refa Mwenye Kinywa Safi

Funga mlango kwanza. Sasa shika ulimi wako kwa vidole viwili, uape kwamba haya hayatatoka humu ndani. Umeapa? Vizuri. Kunguru naye aliapa hivyo hivyo alipoambiwa na Kanga, na Kanga aliapa kwa mayai yake mwenyewe, na leo hata mchwa wanaijua habari yote. Basi sikiliza, na ukienda kumsimulia mtu, mwapishe kwanza.

Ukame uliingia nyikani, ukame wa kunyonya mpaka umande. Mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yakawa kwenye kidimbwi kimoja tu, nacho kilikuwa na vituko vyake: alfajiri maji yametulia, safi, unajiona uso, kikishakanyagwa mara moja, siku nzima ni uji wa tope. Wala Nyama na Wala Majani nusura wamalizane kwa kugombea ile alfajiri. Mwisho wakakubaliana waichezee mpira. Timu ikishinda, inakunywa alfajiri mpaka mechi nyingine. Ikifungwa, inangoja tope la mchana.

Refa awe nani? Fisi akajitokeza, mkono kifuani.

"Mimi siwindi, wala majani sili. Naokota tu wanachobakiza wenzangu. Nitampendelea nani?"

Wakaona amesema la maana. Ila kwa kumjua, wakaweka desturi: kabla ya kila mechi refa afungue kinywa mbele ya umati, manahodha wote wawili wamnuse, ionekane hajalishwa na mtu. Na Fisi, jamani, kila mara kinywa chake kilinuka njaa tupu.

Lakini Wala Majani wakawa wanafungwa tu. Mechi iliyopita, Swala alipiga kichwa, mpira ukapita golini ukaenda kugonga mti kule nyuma. Fisi akasema, "Haujavuka wote." Mashabiki walizomea mpaka koo zikakauka, na maji ya kulainishia koo ndiyo hayo wamenyang'anywa.

Aliyeumia zaidi alikuwa Sungura, nahodha wa Wala Majani. Wanawe walikuwa wamelamba tope mpaka ndimi zimechanika. Asubuhi ya mechi mkewe alimkazia macho.

"Baba watoto, leo mkifungwa mimi nahama na hawa. Navuka uwanda."

Uwanda wenyewe hauna hata kichaka, na juu yake tai wanazunguka kutwa. Sungura akawapapasa wanawe vichwani. Kisha akashuka uwanjani.

Nahodha wa Wala Nyama alikuwa Chui, yule mwenye kujitazama madoadoa yake hata kwenye tope. Wakamnusa Fisi wote wawili. Safi. Kipenga kikalia.

Mpira haujachangamka, Sungura akachomoka, akamzunguka Mbweha, akafunga. Mashabiki wakaruka. Fisi akapuliza kipenga.

"Umeotea!"

"Nimeotea vipi, Bwana Refa? Nimeanzia kwetu, kando ya kipa wetu Kobe!"

"Wewe hukuotea. Masikio yako ndiyo yaliyotangulia."

Sungura akachuma ugwe wa mmea, akayafunga masikio mgongoni, akarudi kucheza. Akafunga tena.

"Umeotea!"

"Masikio haya hapa nimeyafunga!"

"Kivuli chako, bwana. Kimevuka kabla yako."

Jukwaani Nungunungu alisimamisha miiba yote. "Refa, macho hayo uliazima wapi? Yarudishe!" Akina Nguruwe wa porini wakadakia, "Rudisha macho ya watu!"

Lakini Sungura alikuwa ameona kitu. Fisi aliposema habari za kivuli, hakutazama chini kwenye kivuli. Alitazama juu, kwenye mgunga ulio nyuma ya goli la Kobe, matawi yakiliinamia, na mate yalikuwa yamemlowesha kifua. Kila mpira ukienda kokote, macho ya refa yalirudi mgungani.

Wakati wa mapumziko alimwendea Twiga, aliyekuwa amesimama kando ya mgunga ule, akitazama mpira kwa utulivu wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mnacheza vizuri."

"Shangazi, huko juu kwenye matawi kuna nini?"

"Kuna paja la pofu, yule ndugu mkubwa wa swala, limenona. Chui alilipandisha jana. Halafu Fisi alisimama hapa chini analililia, Chui akamwambia, 'Utalipata mechi ikiisha, kinywa kikishanuswa.'"

Sungura akainua macho mgungani. "Ulikuwa unalijua hilo tangu jana? Mbona husemi?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema Twiga. "Na sisi kwetu hatupayuki."

Sungura akacheka mpaka ugwe wa masikio ukafunguka. Kisha akasogea karibu, akamnong'oneza, "Shangazi, shingo yako haikuwashi? Tawi lile naliona zuri sana la kujikunia. Nikipiga mguu chini mara moja, wewe jikune tu."

"Kwa kweli, sasa umenitajia, inaniwasha," akasema Twiga.

Kipindi cha pili, kila timu kwenye goli lake lile lile, kikaenda bila bao. Jua linashuka, Chui akaingia na mpira mbele ya goli, akajirusha chini, akagaagaa kama aliyevunjwa mbavu. Kipenga!

"Penalti! Kobe amemkimbilia kwa nyuma!"

Kobe alichelewa kutoa kichwa nje ya gamba. "Mimi?" akasema. "Nimkimbilie Chui? Nilimfikia saa ngapi?"

Hata Wala Nyama wengine walicheka. Fisi hakujali. Chui akafuta vumbi kwenye madoadoa, akauweka mpira, akarudi nyuma kwa maringo. Mke wa Sungura alianza kuwakusanya watoto. Fisi akaweka kipenga kinywani, akavuta pumzi.

Sungura akapiga mguu chini. Pu!

Twiga akajikuna. Mgunga ukatikisika, na paja la pofu likaporomoka puu! katikati ya goli, mbele ya miguu ya Kobe.

Fisi alikitema kipenga. Hakutazama kulia wala kushoto. Alimpita Chui, aliupita mpira, akalidaka paja kwa meno.

"Mpumbavu we!" Chui akanguruma. "Si nilikwambia mechi ikiisha!"

Kisha akaziba mdomo. Uwanja mzima ulishasikia.

Fisi alisimama golini, nusu ya paja nje, nusu ndani. Alitaka kulitema, taya zikakataa. Alitaka kukimbia, Nungunungu alishafika nyuma yake. Akafanya alichozoea: akameza, mpaka ncha ya mfupa ikapotelea kooni, na tumbo likatuna mbele ya watu wote.

Sungura akasogea, akamnusa kinywa taratibu, kama desturi inavyotaka. Akawageukia mashabiki.

"Wenzangu, leo mwamue ninyi. Limevuka, au halijavuka?"

"Limevuka lote!" uwanja ukaitikia, na mabao mawili ya Sungura yakahesabiwa papo hapo.

Mke wa Sungura hakungoja kipenga. Kipenga chenyewe kilikuwa vumbini, Kobe amekikalia. Aliwashika watoto mkono, akapita mbele ya Chui bila salamu, akaenda kukaa kando ya kidimbwi kuingoja alfajiri.