Pimbi na Amri za Mama

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mabomba na kompyuta yao, maji ya nchi nzima yalifunguliwa kwa amri zilizoandikwa na mama yake Pimbi. Lugha ya amri hizo aliitunga mwenyewe. Ilikuwa ndefu, yenye adabu: usipoandika "tafadhali", mashine haikutii.

Mama alipofariki, Pimbi akarithi kiti chake. Kila aliposoma amri moja, ni kama alimsikia mama akizungumza. Wakati mwingine alizisoma tu, bila kazi yoyote.

Siku moja, tii! tii! tii! Akaingia Tembo, mkuu wa maji.

"Pimbi! Majirani wa ng'ambo wana lugha mpya. Wanatucheka! Andika mpya, na hii ya marehemu uifute."

"Lakini mzee, Bibi Swala kule mlimani anajua kufungulia maji kwa hii tu. Amezeeka, macho hayaoni vizuri..."

"Atajifunza! Asipojifunza, anywe umande!"

Pimbi alilia peke yake. Kisha akapangusa machozi, akaanza kazi: ta-ta-ta-ta! Akaunda lugha mpya, fupi, nyepesi. Hata yeye mwenyewe aliipenda. Ila ndani yake akaficha mkalimani: amri ya zamani ikiingia, inageuzwa kimyakimya kuwa mpya.

Siku ya majaribio wanyama walijaa tele.

"Za zamani umezifuta?" Tembo aliuliza.

"Tazama mwenyewe, mzee."

Tembo akakodolea kioo cha kompyuta macho, akapunga masikio. Maskini, hakujua kusoma lugha yoyote kati ya hizo mbili!

"Ehee! Safi kabisa! Sasa Bibi Swala ajaribu hiyo mpya."

Bibi Swala akasogea. Lugha mpya hakujua hata neno. Akaandika polepole yale aliyofundishwa na mama yake Pimbi.

Pimbi akatazama bomba.

Gururu... gururu... pwaaa! Maji hayo!

"Mmeona?" Tembo akapiga baragumu kwa mkonga. "Hata ajuza huyu ameshajua lugha mpya! Nani atatucheka tena?"

Bibi Swala akamwinamia Pimbi. "Mjukuu wangu, mbona nimeandika yale yale ya mama yako?"

"Najua, bibi. Usimwambie Tembo."

"Loo! Angekuwepo mama yako, angecheka huyo!"

"Angecheka mpaka mbavu zimuume," alisema Pimbi.

Wenzake wakakimbilia maji. Yeye akabaki mbele ya kioo, akitamani kumwita mama aje aone.

Basi, wanangu, mkijenga kipya, waachieni njia wale waliozoea cha zamani.