Anayeingia Bila Kubisha Hodi

Shemeji yangu Gwakisa, anayetengeneza kompyuta pale karibu na stendi, ndiye aliyenieleza kwanza jambo hili. Mimi nimelifanyia mfano tu. Akina mama wenzangu, mnivumilie, sauti yangu ni ndogo.

Kulikuwa na mafundi wawili waliotengeneza mashine ya kuwapasha joto watoto njiti. Ndani yake kulikuwa na kompyuta. Fundi wa kwanza aliandika programu ya kioo, inayomwonyesha nesi joto la mtoto. Programu ya namna hiyo ni mgeni. Hairuhusiwi kugusa kumbukumbu ya vyombo vyenyewe; ikitaka kitu, inamwomba msimamizi, yaani programu kuu ya kompyuta. Ikipenyeza mkono pasipo pake, inazimwa peke yake, na nyingine zinaendelea na kazi. Fundi wa pili aliandika draiva, yaani programu inayoongoza hita. Hiyo ni ya ndani. Inagusa kumbukumbu ya hita moja kwa moja, wala haiulizwi.

Basi kila programu ya kioo ilipozimwa, fundi wa draiva alicheka.

"Umefukuzwa tena, mgeni? Bado unabisha hodi tu?"

"Nabisha, kaka. Nitafanyaje?"

"Wenzako tunaingia mpaka jikoni!"

Siku moja mchana, mtoto akiwa amelala ndani ya mashine, kila kitu kilizimika. Kioo, hita, hata king'ora, kimya. Mama yake akamtoa mbio, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika khanga. Mafundi wakaitwa.

"Si nilisema?" fundi wa draiva akapaza sauti mbele ya manesi. "Ni huyu mgeni wenu!"

Mwenzake akachukua bisibisi. Wakafungua, wakachunguza. Kosa lilikuwa la draiva. Ilikuwa imeandika nje kidogo ya kumbukumbu ya hita, na kompyuta nzima ikaanguka.

"Mbona haikuzuiwa?" akauliza yule mama.

Fundi wa draiva akatazama viatu vyake. "Hakuna wa kuizuia, mama. Inaaminiwa."

"Kumbe mgeni mlimwekea mlinzi, wa ndani hamkumwekea?"

Mtoto alikuwa salama. Lakini fundi yule hakuweza kuinua uso wake, na aliondoka wodini akipita kandokando ya ukuta kama mwizi.

Na sisi je? Jirani akimtukana mwanao, si anakuja kwako akilia, nawe unamfuta machozi? Neno la mgeni linagota mlangoni. Lakini neno lako wewe, mama, nani atalizuia? Mtoto atakwenda kukushtaki kwa nani? "Mjinga wewe," tunasema huku tunakoroga mboga, na kabla mboga haijaiva tumeshasahau. Yeye hajasahau. Halafu akiharibika tunasema ni majirani, ni shule, ni marafiki. Tuone aibu, wapendwa. Mungu ametufungulia mlango ule kwa sababu ametuamini, si kwa sababu hatukosei.

Asubuhi iliyofuata, baada ya Gwakisa kunieleza, binti yangu alimwaga uji wote sakafuni. Hakuutazama uji. Alinitazama mdomo.

Nikaufumba. Nikachukua tambara, tukapangusa sote wawili.