Siku Walipomfunika Kabula Khanga

Hii nimetumiwa na mtu ambaye kwa kawaida hutuma picha za maua na salamu za asubuhi, nusura niipite. Nashukuru sikuipita. Isome taratibu, kisha mtumie yule rafiki yako ambaye kwake kila kitu kipya kimeharibiwa.

Katika mji mmoja wa mawe makubwa, kando ya ziwa, palikuwa na karakana ndogo ya kutengeneza gemu. Mwenye karakana alikuwa mama mmoja mfupi na mkali aitwaye Bi Leokadia. Gemu yao ilikuwa moja tu, ya mapigano, na kati ya wapiganaji wake wote yuko mmoja aliyependwa kupita kiasi. Aliitwa Kabula. Kichwa kanyoa, kaniki kiunoni, na teke lake likikupata hakuna haja ya kuambiwa kwamba umepatwa.

Watu hawakumcheza Kabula tu, waliishi naye. Kinyozi mmoja alilipa banda lake jina la Kabula. Mama muuza chapati alimchora ubavuni mwa ndoo yake ya unga. Na yuko bwana mmoja aliyempa binti yake wa kwanza jina hilo, mkewe akaja kujua limetoka wapi mtoto akiwa tayari na miaka miwili. Sitaeleza nyumba hiyo ililala vipi siku hiyo.

Miaka tisa ikapita. Kabula akachakaa. Kwenye tivii kubwa za siku hizi uso wake ulionekana vipande vipande, kama umejengwa kwa vigae. Ndipo Bi Leokadia alipomwita mchoraji wake, msichana aitwaye Nyanzobe.

"Mchore upya," akamwambia. "Awe yuleyule, lakini awe mpya."

Kusema hivyo ni rahisi. Wewe jaribu kuifanya.

Nyanzobe alichora miezi saba. Hakuichukulia kama kazi ya mshahara, maana yeye mwenyewe alikua akimcheza Kabula, na alikuwa anamjua kama unavyomjua dada yako. Akampa nywele fupi zilizosukwa. Akamwongezea utu uzima kidogo machoni. Kaniki akaipa rangi ya ziwa wakati wa mchana, na miguuni akamvika viatu virefu vya ngozi. Siku alipomaliza alikaa akamtazama mpaka chai yake ikapoa, akafurahi kwa furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumweleza.

Jumatatu picha ikatolewa watu waione.

Kufikia adhuhuri ujumbe ulikuwa umefika elfu nne, na mzuri ulikuwa mmoja, nao ulitoka kwa shangazi yake Nyanzobe. Mmoja aliandika, "Huyu si Kabula, huyu ni mhudumu wa benki." Mwingine, "Nani kamruhusu asuke?" Mwingine akadai kaniki ya zamani irudishwe mara moja, na kwamba yeye hajala tangu asubuhi.

Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Masalu. Masalu alikuwa muuza vipuri vya baiskeli, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, na bingwa wa gemu hiyo kwa miaka sita mfululizo. Alijirekodi dukani kwake, minyororo ya baiskeli ikining'inia nyuma yake, akasema, "Ndugu zangu, Kabula ana kipara. Kipara ndicho Kabula! Jumamosi wanaizindua hiyo gemu yao pale ukumbini. Twendeni wote, na asiguse mtu pedi ya kuchezea mpaka turudishiwe Kabula wetu."

Video ile ikaenea mji mzima.

Bi Leokadia akamwita tena Nyanzobe, safari hii akafunga mlango. "Mwanangu, mimi nimempenda huyu wako. Lakini karakana hii inalishwa na watu wale. Jumamosi wakimkataa, wa zamani anarudi, na kazi ya kuchora nitampa mtu mwingine. Sitaki ukaisikie kwa watu."

"Nimekuelewa, mama," Nyanzobe akajibu. Akatoka nje akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Watu wamevaa fulana zenye picha ya kipara. Wanaimba, wanapiga makofi, wanagonga meza, "Ka-bu-la! Ka-bu-la!" Nyanzobe alisimama jukwaani, na kitu kimoja kilimshangaza mwenyewe. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa hofu na kwa raha pia. Hakuwahi kuona watu wengi namna ile wakimpigania mtu ambaye hayupo duniani.

Masalu akapanda jukwaani. Ukumbi ukalipuka.

"Dada," akaanza kwa adabu, maana alikuwa mtu wa adabu akiwa hayuko kwenye video, "kuchora unajua. Lakini huyu si Kabula."

"Umemcheza, kaka?"

"Nimcheze wa nini? Macho ninayo."

"Hata mara moja hujamgusa?"

"Kabula mimi namjua, dada. Hata mkifunika tivii namjua!"

Hapo ukumbi ulipiga kelele hadi mabati yakatetemeka, na wewe msomaji ni lazima nikueleze kwa nini. Katika vibanda vya gemu vya mji ule kuna desturi inayoitwa kufunika. Bingwa akiwa hashindiki, wenzake hutupa khanga juu ya tivii, naye hucheza bila kuona, kwa masikio na vidole peke yake, ili na wengine wapate kupumua. Na chini ya khanga Masalu alikuwa bado anawafunga. Kwa hiyo aliposema vile hakuwa anajisifu. Alikuwa anataja jambo ambalo ukumbi mzima umelishuhudia.

Mdomo wa Nyanzobe ukatangulia kabla ya akili yake. "Basi tufunike."

Watu wakageukiana.

"Tivii mbili," akaendelea. "Moja ina Kabula wa zamani, nyingine ina wangu. Ukimtambua wa zamani ni yupi, nitamfuta wangu kwa mkono wangu, mbele ya watu wote hawa. Usipomtambua, unamwacha aishi."

"Unajua unachosema?" Bi Leokadia akamnong'oneza.

"Najua, mama."

Hakujua. Alichojua ni kwamba hakugusa pigo hata moja. Kuruka, kofi, kuinama, kasi ya kukimbia, vyote alihakikisha vimebaki kama vilivyokuwa. Alichobadilisha ni cha kuonekana tu, na chini ya khanga hakuna kinachoonekana. Alikuwa na hakika kabisa kwamba Masalu atapotea.

Akina mama wawili wakatoa khanga zao. Masalu akatolewa nje, tivii zikapangwa, akarudishwa, akakalishwa na kupewa pedi. Watu wakamzunguka kama bwana harusi.

Kwenye tivii ya kwanza akashinda. Kelele! Kwenye ya pili akashinda pia, na kelele zikazidi. Lakini yeye hakucheka. Alikaa kidogo akitazama vidole vyake.

"Nirudishieni ya kwanza," akasema.

Akacheza tena, mara hii amefumba na macho, ingawa tivii ilikuwa imefunikwa. Nyanzobe alikuwa amesimama nyuma yake, anasikia kila kitufe kinavyobonyezwa. Katikati ya pambano Masalu akaacha kucheza. Akaiweka pedi mezani polepole.

"Huyu wa kwanza ndiye mpya. Wa zamani yuko kule."

Khanga zikavutwa. Alikuwa amepata.

Sijui nikuelezeje kelele zile. Watu walirukiana mabegani, viti vikaanguka, mtu mmoja akambusu mtu asiyemjua. Bi Leokadia aliinamisha kichwa. Nyanzobe aliiona miezi saba yote ikimtoka kwa mara moja. Lakini alikuwa ameahidi. Akaenda kwenye kompyuta, akaifungua kazi yake, akaweka kidole pale pa kufutia. Kisha akaichukua maiki.

"Kabla sijafuta, kaka Masalu, naomba kujua jambo moja tu. Umemtambuaje? Ni nywele?"

"Nywele ningezionaje?"

"Kaniki?"

"Dada, tivii ilikuwa imefunikwa."

"Uso, basi?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka. Kicheko kikaenda mstari kwa mstari, halafu kikafa chenyewe, kwa sababu kila mtu alianza kukumbuka alichokiandika Jumatatu.

"Sasa ni nini?" Nyanzobe akauliza. Hakuwa anatega. Alitaka kujua kweli.

Masalu akajikuna shingo. "Njuga," akasema.

"Njuga?"

"Kabula ana njuga miguuni. Kabla teke halijatoka zinalia kidogo, na hapo ndipo dole gumba langu linajua liachie. Huyu wako halii. Kila nikienda kupiga teke, ni kama nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu."

Nyanzobe akazikumbuka. Kweli, njuga zilikuwepo. Na ukweli mwingine, ambao hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba kuchora nyayo kulimshinda. Zilimtoka kama mikate. Ndiyo maana akamvika Kabula viatu virefu, na viatu vikaziba njuga. Siku moja wakati wa chakula mwenzake anayeshughulikia sauti alimuuliza, "Na mlio wa njuga je?" Naye, tonge likiwa mdomoni, alijibu, "Hazionekani tena, toa tu." Hayo yalikuwa maneno ya nusu dakika, na hakuyafikiria tena.

Akaamua kusema yote kwenye maiki, hata habari ya nyayo na mikate. Watu wakacheka, safari hii kwa upole.

"Ila na nyinyi," akamalizia, "mmeniandikia ujumbe elfu nne. Njuga haikutajwa hata na mmoja. Wewe mwenyewe, kaka, ulisema kipara."

"Nilisema kipara," Masalu akakiri.

"Mara ngapi?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka mstari wa mbele. Alikuwa mkewe.

"Kila siku, mama watoto. Kila siku."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Nyanzobe akavuta pumzi, akarudi kwenye kompyuta. Ahadi ni ahadi. Kidole kikashuka.

"Usifute!" Masalu akaruka, akamshika mkono.

"Aliahidi!" watu wakapiga kelele.

"Aliniahidi mimi, na mimi nimemsamehe! Nisikilizeni. Kuruka kwake ni kwa Kabula. Kofi lake ni la Kabula. Nilikuwa namcheza huku moyo wangu unasema huyu ndiye, huyu ndiye, mpaka tulipofika kwenye teke. Sasa tumtupe mtu mzima kwa sababu ya njuga? Arudishiwe njuga zake tumsikie!"

Mlio ulikuwa bado umehifadhiwa. Kuurudisha kulichukua robo saa, na katika robo saa hiyo watu waliimba nyimbo zote wanazozijua. Masalu akatolewa nje tena. Tivii zikapangwa upya, zikafunikwa khanga, akaitwa.

Akacheza ya kwanza. Njuga zikalia, teke likaenda. Akacheza ya pili. Njuga zikalia, teke likaenda. Akarudi ya kwanza, akaenda ya pili, jasho linamtoka. Ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi kufuata njuga, na Nyanzobe, aliyekuwa amekaza ngumi mpaka kucha zinamuuma, akajikuta na yeye anapiga makofi.

Masalu akasimama. Akainua mikono yote miwili juu.

"Simjui!" akapiga kelele. "Jamani, simjui! Nimeshindwa!"

Katika miaka sita hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo, na alilitamka kwa furaha kuliko siku zote alizoshinda. Khanga zikavutwa. Pale mbele yake Kabula mpya alikuwa hewani, nywele zimesukwa, kaniki ya bluu inapepea, amepiga teke. Watu wenye fulana za kipara wakakimbilia pedi, wakasukumana, wakapanga foleni iliyotoka nje ya mlango na kuzunguka ukumbi.

Bi Leokadia akapenya katikati ya watu mpaka kwa Nyanzobe, akamkumbatia kwa nguvu, kisha akamwachia ghafla, akarudia ukali wake.

"Jumatatu uje mapema," akamwambia. "Unamvua hivyo viatu. Utakaa hapo unachora nyayo mpaka uzijue."

Nyanzobe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nitakuja, mama," akasema. "Hata kesho nitakuja."

Funzo: Ukiona kitu unachokipenda kimebadilishwa, usikimbilie kupiga kelele juu ya kile macho yamekiona kwanza, tulia ujue moyo wako ulikuwa umeshikilia nini hasa, maana hicho ndicho cha kudai. Na wewe unayepewa kipenzi cha watu ukibadilishe, usitoe kitu kwa sababu tu kimekushinda kukifanya.